Alimjua Rosa Parks, hakumjua nyanya yake

Hebu nikuulize swali, mpenzi msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa mapishi. Rosa Parks ni nani? Ikiwa una mtoto katika shule ya upili, huenda akakujibu papo hapo: ni yule mama mweusi, mshonaji nguo, ambaye mnamo Desemba 1, 1955 alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi mjini Montgomery, jimbo la Alabama, kule Marekani, akakamatwa na polisi.

Vyema. Sasa mwulize swali la pili. Siku hiyo nyanya yake mwenyewe alikuwa wapi, na alikuwa akifanya nini?

Swali hili si langu. Nililiokota Othaya Jumamosi moja ya manyunyu, nilipokuwa nimemtembelea mwenzangu wa kazi ambaye kwao ni juu kidogo ya mji, kule majani ya chai yanakoanza kupanda kuelekea msitu wa Nyandarua. Tulikuwa sebuleni, chai imeshamiminwa, na mtoto wa mwenyeji wangu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa akijiandaa kwa mdahalo wa shule. Mada ilisema kwamba watu weusi wa Marekani waliteseka zaidi kuliko Waafrika wa Kenya. Yeye alikuwa upande wa kuunga mkono.

Kijana huyo ana kipaji. Alisimama karibu na runinga, akakohoa kama wakili, akatueleza habari za Montgomery, jinsi watu weusi walivyosusia mabasi kwa siku 381 wakienda kazini kwa miguu, jinsi mhubiri kijana aitwaye Martin Luther King alivyowaongoza, na nyumba yake ikarushiwa bomu. Alipomaliza tulimpigia makofi. Nyanya yake, ambaye hapo nyumbani kila mtu humwita cucu, alikuwa ameketi karibu na mlango akibambua njahi kwenye ungo. Nilidhani hasikilizi.

"Huyo mama wa basi," akasema, "alilala seli siku ngapi?"

Kijana alijibu kwamba hakulala. Aliwekewa dhamana jioni hiyo hiyo.

Cucu akatikisa kichwa polepole, bila dharau wala hasira. "Alibahatika," akasema. "Mimi nilichimba mtaro zaidi ya mwaka, na hakuna aliyenikamata."

Kijana akamtazama, kisha akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi mgeni. Alikuwa hajui ni mtaro gani.

Kijiji chenye mtaro

Naomba uvumilie, msomaji, nikukumbushe yale ambayo labda ulisoma ukayasahau. Oktoba 20, 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliamua kwamba njia ya kuwanyima chakula wapiganaji waliokuwa msituni ni kuwahamisha jamaa zao wote kutoka kwenye mashamba yao na kuwarundika vijijini. Kabla ya mwisho wa 1955, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamefungiwa katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa Kati. Othaya, kwa vile iko chini ya msitu wenyewe, haikuwa na bahati.

Kijiji hicho hakikuwa kijiji ulijualo neno hilo. Nyumba za zamani zilichomwa moto au kubomolewa. Watu walijenga vibanda vilivyobanana, vikazungukwa na mtaro wenye kina, na ndani ya mtaro ikasimikwa miti iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja au mawili, na langoni walisimama homu gadi. Ulitoka kwa saa ulizopangiwa na kurudi kwa saa ulizopangiwa. Mitaro mingine ilichimbwa kandokando ya msitu, maili baada ya maili, ili wapiganaji wasishuke. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini, kaburini au huko huko msituni, waliochimba ni akina mama na mabinti.

Cucu alikuwa msichana wa miaka 14. Alichimba sambamba na mama yake. Anakumbuka jembe lililokuwa refu kumshinda, na anakumbuka njaa kuliko anavyokumbuka kiboko. Kazi ya serikali ilianza asubuhi, na muda wa kwenda shambani kutafuta chakula chako ulikuwa mfupi sana. "Ulikuwa ukimbie kama swara," alituambia, "uchimbue viazi vitatu, urudi kabla ya firimbi." Mdogo wake wa mwisho alikufa katika kijiji hicho. Hakueleza zaidi, nasi hatukumwuliza.

Sasa weka tarehe hizi kando kwa kando. Aprili 24, 1954 majeshi ya Uingereza yalianza msako mkubwa Nairobi, wakawakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwapeleka kizuizini. Wiki tatu tu baadaye, Mei 17, 1954, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ni haramu kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali. Oktoba 21, 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa kando ya msitu huku Nyeri. Novemba 13, mahakama ile ile ya Marekani iliwapa ushindi watu wa Montgomery kuhusu mabasi. Siku sita baada ya hapo kesi ya Kimathi ikaanza mjini Nyeri, safari fupi ya matatu kutoka hapa Othaya, na Novemba 27 akahukumiwa kifo. Alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957.

Nilipomsomea kijana tarehe hizi alikaa kimya, akaandika mbili kiganjani mwake kwa kalamu.

Mimi binafsi sioni maana ya kupima ni nani aliteseka zaidi, na ningekuwa mwalimu wa mdahalo ningeitupa mada ile kapuni. Lakini tofauti moja ni muhimu kuisema. Mtu mweusi wa Montgomery, pamoja na madhila yote aliyoyapata, alikuwa na katiba iliyoandikwa kwamba yeye ni raia, na alikuwa na mahakama ya kuililia. Kikongwe wa Othaya hakuwa na katiba. Alikuwa na mtaro. Mtu akishangaa kwa nini huko watu waliimba nyimbo za dini barabarani na huku wakaingia msituni, aanzie hapo.

Askari wa Calcutta

Kuna jambo ambalo mdahalo ule ulilikosa kabisa. Watu hawa wa pande mbili za dunia walikuwa wakifahamiana.

Ukitoka Othaya ukapita mabonde kuelekea mashariki utafika Mukurweini. Huko, mahali paitwapo Kaheti, alizaliwa mwaka 1922 Waruhiu Itote, ambaye baadaye nchi nzima ilimjua kama Jenerali China. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la King's African Rifles akapelekwa kupigana na Wajapani nchini Burma. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1967, Itote anasimulia jinsi alivyokutana mjini Calcutta, India, na askari mweusi wa jeshi la Marekani aitwaye Stephenson. Walizungumza. Mmarekani yule alimweleza mambo ambayo hakuna mwalimu wa misheni aliyewahi kumweleza, yakiwemo ya kisiwa cha Haiti, ambako watumwa weusi waliwapiga mabwana zao wakajipatia nchi. Akamtahadharisha pia kwamba baada ya vita wazungu watabaki mashujaa kwao, bali Waafrika watasahauliwa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Itote alirudi akakuta wazungu waliopigana naye vitani wanagawiwa mashamba katika Nyanda za Juu, naye hana haki hata ya kununua kipande huko. Stephenson, ikiwa alirudi kwao kusini mwa Marekani, alikuta vibao vilivyoandikwa "Weupe Tu" viko pale pale. Haikunishangaza kusoma kwamba katika nchi zote mbili askari waliorudi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema sasa basi. Itote aliingia msituni, akakamatwa Januari 1954 na kuhukumiwa kifo, kisha akasamehewa adhabu hiyo. Aliishi hadi mwaka 1993.

Cucu alimkumbuka Jenerali China vizuri, ila la Mmarekani wa Calcutta hakuwahi kulisikia. "Kumbe walimfundisha," akasema, akacheka.

Ndege ya Mboya

Mwaka 1959 Tom Mboya, kijana wa miaka 28, alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa ajili ya vijana wa Kenya, kwa sababu uhuru ulikuwa unakaribia na waliosoma walikuwa wachache mno. Aprili 18 mwaka huo alihutubia maandamano makubwa ya vijana mjini Washington waliokuwa wakidai shule zichanganywe, na King alikuwepo pia. Barua ya kuomba michango ya nauli ilitiwa sahihi na watu weusi mashuhuri: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Serikali ya kikoloni haikupendezwa na mpango huo. Hata hivyo Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81.

Huku vijijini nauli na karo zilichangwa kwa sherehe za chai, kwa kuuza mbuzi na ng'ombe, kwa mkono wa huyu na yule. Kule King mwenyewe aliandikiana barua na Mboya akakubali kusaidia kumlipia karo mwanafunzi mmoja Mkenya katika chuo cha Tuskegee, Alabama. Fikiria jambo hilo, msomaji. Mabasi ya Montgomery yalikuwa hayajatimiza hata miaka mitatu tangu yafunguliwe kwa wote, na tayari watu wale wale walikuwa wakitia mkono mfukoni kwa ajili ya mtoto wa Kenya.

Msaada huo haukuwa wa pesa tu. Januari 1960, viongozi wetu walipokwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House, mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall, wakili mweusi aliyeshinda ile kesi ya shule ya mwaka 1954. Kabla ya mkutano alikuja Kenya kujionea. Huko Kiambu maofisa walimzuia kuhudhuria mkutano wa wananchi. Aliomba ruhusa atoe neno moja tu la salamu, na alipopewa, neno alilolitamka ni "Uhuru!"

Deni hilo lililipwa kidogo Desemba 1963. Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani wa nchi iliyokuwa na uhuru wa siku chache, alifika Atlanta. Vijana weusi wa chama cha wanafunzi walikwenda kumsalimia hotelini. Walipotoka hapo waliingia mkahawa wa jirani, wakakataliwa huduma, wakakaa chini, wakakamatwa. Walitunga wimbo wenye jina lake. Mwaka mmoja baadaye, Malcolm X aliwaambia watu wa Harlem kwamba jimbo la Mississippi nalo lilihitaji Mau Mau yake.

Lakini aliyenigusa zaidi ni binti wa hapa hapa Nyeri. Septemba 1960 ndege nyingine zilibeba vijana wapatao 300, nauli ikiwa imelipwa safari hii kwa fedha za wakfu wa familia ya Kennedy. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 20 kutoka Ihithe, Tetu, aliyesoma kwa masista wa Mathari na kisha Loreto Limuru. Ndiye Wangari Maathai. Kutoka New York walisafiri kwa basi kuelekea katikati ya Marekani. Njiani, katika jimbo la Indiana, basi lilisimama nao wakaingia mkahawani kununua soda. Waliambiwa wanaweza kununua, lakini wakanywee nje, kwa kuwa watu weusi hawakai ndani.

Hebu jiweke katika viatu vyake. Umetoka nchi ambayo hotelini unaingilia mlango wa nyuma, umesafiri siku kadhaa kufika nchi ya uhuru, na soda yako ya kwanza njiani unaambiwa ukainywee barabarani.

Wangari alisoma katika chuo cha masista mjini Atchison, Kansas, jimbo lile lile ambako kesi ya shule ilianzia, katika mji wa Topeka. Alihitimu mwaka 1964, akaenda kufanya shahada ya pili Pittsburgh, na mapema 1966 akarudi nyumbani. Kwa hiyo alikuwa Marekani maandamano ya watu robo milioni yalipofika Washington Agosti 28, 1963. Alikuwepo sheria ya haki za raia ilipotiwa sahihi Julai 1964, na ile ya haki ya kupiga kura Agosti 1965.

Akina mama wa Uhuru Park

Wako wanaosema kwamba aliyoyafanya baadaye aliyaiga huko. Mimi nina wasiwasi na maneno hayo.

Februari 28, 1992 akina mama ambao watoto wao wa kiume walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa, akiwemo Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, walikusanyika katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari alikuwa pamoja nao. Walisema hawatakula wala kuondoka mpaka watoto wao waachiliwe. Mtu aliyesoma historia ya Marekani ataona hapo kivuli cha wale wanafunzi wanne wa Greensboro, North Carolina, walioketi kwenye mkahawa wa weupe Februari 1, 1960 wakakataa kuinuka.

Machi 3 polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Wangari alipigwa hadi akazirai. Ndipo baadhi ya akina mama wazee walipovua nguo zao mbele ya polisi. Wengine walioona picha hizo walidhani wameingiwa na wazimu. Lakini Mkikuyu yeyote alielewa, na jamii nyingi za Kenya zilielewa: mama mzee akikuonyesha uchi wake, wewe uliye na umri wa mwanawe, amekulaani. Hilo halikutoka Alabama. Machi 16, 1922, watu walipokuwa wakidai Harry Thuku aachiliwe huko Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru alifanya vivyo hivyo kuwaaibisha wanaume waliokuwa wakisitasita, kisha akauawa kwa risasi. Rosa Parks alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Akina mama wale walihamia kanisa la All Saints wakakaa humo karibu mwaka mzima, na kufikia mapema 1993 wafungwa karibu wote walikuwa nje.

Nilimwuliza cucu kama aliwasikia akina mama wale wakati huo. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama anajua jina lake. Alisema walitoka Othaya wawili watatu wakachukua matatu kwenda Nairobi kuwapelekea maji na blanketi, naye alikuwa mmoja wao. Mwenyeji wangu aliweka kikombe chini. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka huo, na aliambiwa tu kwamba mama ameenda kumwona mgonjwa.

Juni 6, 2013 serikali ya Uingereza ilieleza bungeni kwamba inasikitishwa na mateso ya hali ya hatari, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Cucu hakuwa kwenye orodha. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuchimba mtaro. Na walio na umri wake wanaondoka. Muthoni wa Kirima, mwanamke wa hapa Nyeri aliyefikia cheo cha Field Marshal msituni, alifariki Septemba 2023.

Mvua ilipokatika kijana alimwomba cucu amwonyeshe huo mtaro. Sikutegemea kwamba bado upo. Tuliteremka nyuma ya nyumba polepole, yeye na mkongojo wake, tukavuka chai ya jirani, tukafika mahali ambapo ardhi inabonyea ghafla na nduma zimepandwa kwa mstari. Kijana alishuka akasimama ndani. Ulimfika kifuani tu. Cucu akamwambia udongo umeporomoka miaka 70, zamani usingemwona. Kisha akaonyesha kwa mkongojo lango lilikokuwa, kibanda cha mama yake kilikokuwa, na mahali pengine zaidi, kando ya mgomba, ambapo hakusema palikuwa na nini.

Mdahalo ulikuwa Ijumaa iliyofuata. Nilipiga simu jioni kuuliza matokeo. Kijana alishindwa. Alianza vizuri na Montgomery, lakini katikati alihamia Othaya akaanza kueleza mtaro, homu gadi na viazi vitatu, akasahau kabisa ni upande gani aliopaswa kuutetea. Waamuzi walisema ametoka nje ya mada.

Cucu alitaka kujua huyo mwamuzi mkuu ana umri gani. Alipoambiwa ni mwalimu wa miaka 27, alicheka mpaka akafuta macho kwa leso.

Tangu hapo, mwenyeji wangu ameniambia, kijana hurudi kutoka shule na kuketi karibu na mlango na daftari la kurasa 96. Wamefika mwaka 1955.